Waingereza Wasio na Kazi

Katika miaka yangu yote ya Minnesota, mwanangu, siku inayonirudia zaidi ni Jumanne moja ya Februari, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekaa katika jumba la sinema saa nane mchana, nimevaa sare ya kazi ambayo sikuwa nayo tena.

Nilikuwa nimeachishwa wiki tatu kabla. Kazi yangu ilikuwa kubandika lebo kwenye maboksi ya vipuri katika ghala moja kule Eagan, na shifti yetu ilipopunguzwa nusu, mimi nikawa katika nusu iliyoondoka. Msimamizi alisema ni mambo ya biashara tu. Sikumwamini. Nilikuwa na tabia ya kukagua kila lebo mara tatu, na moyoni niliamini hiyo ndiyo iliyonimaliza. Hata haya ninayokuandikia, aya hii nimeifuta mara nne.

Mke wangu, Mama Njeri, sikumwambia. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu mbili karibu kila siku, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi kuanzia Machi. Tulikuwa tumepanga kwamba Ijumaa ya wiki ile apeleke barua ya kupunguza saa zake za kazi, halafu kodi ya nyumba na bima ya familia vibaki juu ya kazi yangu. Kwa hiyo nilikuwa na hadi Ijumaa kusema. Kila asubuhi nilipiga sare pasi, nikabeba chakula changu, nikaondoka nyumbani kwetu Brooklyn Park saa ile ile. Nilishinda maktaba nikijifundisha kompyuta kwa vitabu, au ndani ya gari, nikiwasha injini kila baada ya muda nisigande.

Jumanne hiyo baridi ilinishinda, nikaingia sinema ya bei rahisi. Ilikuwa filamu ya vichekesho kutoka Uingereza. Kiwanda cha vigae kimefungwa, na wanaume watano walioachishwa wanajikodisha kuwa wageni wa harusi kwa watu wasio na ndugu. Wanavaa suti za kuazima, wanalia kanisani kwa zamu, na mmoja anasahau leo yeye ni mjomba wa nani.

Sikucheka. Kwanza nilishangaa, maana Mwingereza tuliyesimuliwa na baba zetu alikuwa mtu wa kufukuza wengine kazi. Sikuwahi kumfikiria akila maharagwe baridi ya mkebe huku akimwogopa mkewe. Halafu hofu ikaniingia. Kama hata hawa wanaachishwa kwao, mimi nitashika wapi?

Nyuma yangu alikuwepo mtu mmoja tu, na huyo alicheka mpaka akakohoa. Taa zilipowaka nikasikia sauti ikisema, "Kumbe ni Baba Njeri."

Alikuwa Mzee Kirui, shemasi wa kanisa letu, mtu wa Kericho. Alifanya kazi wikendi katika nyumba ya wazee kule Anoka, kwa hiyo katikati ya wiki alikuwa huru. Alitazama sare yangu, akatazama chakula nilichokipakata. Nikaanza kumweleza kwamba tumepewa mapumziko kidogo. Aliniacha nikamaliza uongo wangu wote, kisha akauliza nimeachishwa lini, na kama mke wangu anajua. La kwanza nililijibu. Kwa la pili nilitikisa kichwa.

Akaketi kando yangu. "Unafikiri hawa wazungu nimewacheka kwa nini?" akasema. "Shida yao haichekeshi hata kidogo. Ni kwa sababu wako watano. Yule mnene akipasua suruali, mwenzake anamwambia afadhali yako, mimi nimevaa suti ya marehemu. Sasa ondoa wanne, umwache mmoja peke yake. Utacheka nini hapo? Kijana wangu, kila Jumapili unasimama kuombea wagonjwa wa watu wengine. Lako ataliombea nani? Nenda umwambie mkeo leo, halafu Jumapili tutakuja kwenu kunywa chai."

Nilikubali kwa dhati. Lakini jioni niliona siwezi kusema tu hivi hivi. Nikaanza kuandika. Sentensi ya kwanza ilitisha mno, nikaifuta. Nikaandika kwa Kiingereza, ikasikika kama barua ya benki. Jumatano niliandika upya mara tatu. Alhamisi alasiri nakala safi ilikuwa mfukoni, na Mama Njeri akaingia akikung'uta theluji, uso umejaa furaha. Msimamizi wake angekuwa na likizo Ijumaa, kwa hiyo barua ameipeleka leo.

Nilimwambia palepale, vibaya, nikigugumia. Aliketi na koti lake mwilini.

"Jana tulikula pamoja," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia hata ukiwa na chakula mdomoni, Baba Njeri. Ningengoja."

Kesho yake alirudi kuomba saa zake kwa aliyeshika nafasi ya msimamizi. Zilikuwa zimeshapewa mtu mwingine, akarudishiwa nusu. Masomo yakaahirishwa, na ilipita miaka miwili kabla hajaingia darasani. Jumapili Mzee Kirui na wenzake walikuja kweli, wakanywa chai, mmoja akaniita Mwingereza na wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama Njeri alituongezea chai bila kutabasamu, na sikumlaumu.

Mwanangu, kazi inaweza kukutoka siku yoyote, na hilo si kosa lako. Kosa ni kumwacha mtu apange maisha yake juu ya kitu unachojua hakipo. Usingoje upate maneno mazuri. Sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, na umwambie kwanza yule anayekutegemea. Kisha nenda kwa wenzako, uwaache wakutanie.

Mungu akupe riziki isiyokukimbia. Na ikikukimbia, akukutanishe na watu kabla ya giza kuingia, na mdomo wako asiufunge.