Nyanchera Kwenye Mizani ya Chai

Mwaka wa 1968, pale kituo chetu cha kuuzia majani chai karibu na Keroka, ukiacha chai yenyewe, hakuna kilichopimwa mara nyingi kama Nyanchera, mke wa shemeji yangu Obwocha.

Mambo yalianza kaka yake Nyanchera, Zachariah, alipokuja kutoka Masimba akaona mifupa ya mabega ya dada yake.

"Shemeji, ng'ombe wa mahari uliotuletea tumewanenepesha. Wewe dada yetu umemfanya nini? Nakupa miezi miwili. Asiponona, namrudisha nyumbani."

Nyanchera alilia jikoni kwangu. "Mama Kemuma, nikienda watoto watabaki hapa. Nani atawalaza?"

Obwocha, mzee wa kanisa, hakutaka kusikia kwamba kwake kuna njaa. Akaamuru mkewe ale nje, kando ya njia, wapitao washuhudie. Ugali wa wimbi, ndizi, maziwa ya mgando, kuku. Nyanchera alimaliza yote akaomba tena. Na kwa kuwa mwanamume hawezi kushindwa na mkewe kwa kula, Obwocha aliketi naye, sahani kwa sahani.

Kila siku ya kuuza majani alimkalisha ndani ya kapu la chai, kapu likatundikwa kwenye mizani.

"Ratili tisini na sita," karani Ratemo akasoma. "Natoa mbili za kapu na umande. Tisini na nne."

"Umande gani? Huyu ni mtu!"

"Mzee, sheria ni sheria."

Wiki iliyofuata akapungua. Wengine wakasema anatapika kwa siri, wengine ana minyoo. Obwocha akachinja jogoo mwingine.

Mimi ndiye niliyempunguzia magauni, mtoto wangu mgongoni. Nilikaza kiuno, nikakaza mabega. Kola peke yake ndiyo niliyoilegeza, maana kifungo hakikufika tena. Nikajiuliza, mtu anakondaje kila mahali isipokuwa shingoni? Tena akinimiminia chai, nusu ilimwagika kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Lakini nilinyamaza. Mke wa ndugu mdogo atasema nini mbele ya mzee wa kanisa?

Miezi miwili ikaisha, Zachariah akaja. Alimtazama dada yake, kisha akamtazama Obwocha, ambaye koti lake la Sabato halikufunga tena.

"Chakula kilifika, naona. Kimepotea njia tu. Nyanchera, chukua nguo zako."

Nyanchera alisimama mlangoni, mtoto wake mdogo ameng'ang'ania gauni. Nikasahau adabu. Nikamfungua kola.

"Shemeji, na wewe Zachariah, mmekazia macho sahani tu. Hebu tazameni hapa."

Uvimbe ulikuwa pale, ukipanda na kushuka kila alipomeza mate. 

Kesho yake walimpeleka hospitali ya Kisii. Daktari akaeleza kuwa shingoni kuna tezi inayouamuru mwili namna ya kutumia chakula. Ya Nyanchera ilifanya kazi kupita kiasi, ikichoma kila alichokula. Akampa vidonge, akamtaka arudi kila mwezi. Zachariah akarudi Masimba peke yake.

Kufikia mavuno ya mahindi mkono ulikuwa umetulia. Obwocha alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa jogoo wake saba. Vidonge hakuvitaja.

Siku ya majani Nyanchera akaingia kapuni mwenyewe, bila kuitwa na mtu.

"Ratili mia na nane," Ratemo akasoma, akainua kalamu. "Natoa..."

"Ratemo," Nyanchera akasema, "leo hutoi hata moja."