Kikwembe Kimoja kwa Presingi ya Martine

Martine, mwenye presingi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu mtaani Kikula, hakutaka kusikia habari za alama. Wenye presingi wenzake hushonea kila nguo ya mteja kipande cha kitambaa chenye jina. Yeye? Ah, yeye alikuwa na macho! Suruali ya mwalimu Hilaire aliijua kwa magoti, shati la katekista kwa kola. Wateja walicheka, wakamwamini.

Ndipo ikaja harusi. Na kwetu Likasi, jamani, harusi bila kikwembe kimoja, kitenge cha sare, ni harusi gani? Wamama wa upande wa bwana na wa upande wa bibi walishonesha magauni ya kitambaa kilekile, buluu yenye maua ya njano, kwa fundi mmoja, mshono mmoja. Wakampelekea Martine ayafue wanga wa kitambaa kipya utoke, ayapige pasi. Akayatumbukiza yote majini, huku akiimba. Alipokwisha kuyaanika uani akasimama, mikono kichwani. Mungu wangu! Kamba nzima ilikuwa gauni moja.

Alilia, tena kwa sauti. Presingi yake ilikuwa haijatimiza mwaka. Harusi ikiharibika, Jumapili kanisani habari itafika kabla ya padri, na Kikula nzima itapeleka nguo kwingine. Akapiga pasi hivyohivyo, machozi yakidondokea kikwembe.

Jumamosi asubuhi wamama wakaingia, nywele zimesukwa, wanja tayari.

"Bamama, munisamehe," Martine akasema. "Minye sijue tena gani ni ya nani. Mupime tu."

Wamama wakayazunguka magauni. Kisha Mama Mamie, shangazi wa bwana harusi, akanyakua gauni moja, likamkwama kifuani, mikono juu. Tantine Viviane, shangazi wa bibi harusi, akapotelea ndani ya jingine. Na hawa wawili, tangu siku ya mahari walipogombania mbuzi, hata jambo hawakupeana!

"Weye Mamie, utapasula nguo yangu!"

"Na weye, toka mu hema yangu!"

Mtu mmoja akaangua kicheko, na basi, nani angewazuia? Magauni yakaruka juu ya vichwa. Viviane akamshika Mamie, akavuta, akavuta, gauni likatoka kwa kishindo, wote wawili chali juu ya mashuka ya watu. Walicheka mpaka wanja ukawachuruzika. Mamie akamfuta Viviane, Viviane akamfunga Mamie vifungo.

Gari likapiga honi. Wakatoka wakiimba, kila mmoja ndani ya gauni lake, pande zote mbili zimeshikana mikono.

Mama Carmel, mama wa bibi harusi, akarudi mlangoni.

"Wasuluhishi wote wameshindwa na hawa wawili," akasema. "Kuya, tuende. Batu wataniuliza nani amefua, na minye nataka nikuonyeshe kwa kidole."

Martine akafunga presingi Jumamosi, siku ya wateja wengi kuliko zote, akakimbilia gari na ndala zake, akipiga vigelegele.