Unga Ndani ya Mchuzi wa Tambi

Fundi viatu alijua kupika tambi za Kichina kabla hajajua kushona soli. Ujanani alikuwa akiosha vyombo mkahawani, na mpishi alimfundisha mpaka mkono ukazoea karai. Alipooa, wakapata binti waliyempachika jina la Kidoti, na tambi zikawa ndicho chakula ambacho mtoto huyo aliramba sahani akikila.

Kisha Kidoti akaanza kukonda. Tumbo linamjaa, shule haendi, mpaka daktari akagundua kwamba ngano ndiyo inayomdhuru, hata chembe. Fundi alirudi nyumbani akatupa nusu ya vitu vya kabatini. Kumbe hata ile sosi ya soya aliyoizoea ilikuwa na ngano! Akatafuta isiyo na ngano. Akajaribu tambi za mchele, zikamgeukia uji. Akarudia hadi akazipatia: unaziloweka kwenye maji ya moto, zikilegea tu unazitoa.

Jumamosi moja, mkewe akiwa safarini kikazi, dada mkubwa wa fundi alikuja kuwatembelea. Mwanamke mkunjufu, ila ulimi wake hauna breki.

"Eti ugonjwa wa ngano!" alisema akivua viatu. "Sisi tumeila tangu tunaota meno. Mnamdekeza tu huyu mtoto."

Fundi akaendelea kukatakata tangawizi. Kuku alikuwa karaini, mchuzi unatokota, harufu ya kitunguu saumu imejaa chumba. Mara mteja akabisha hodi kufuata viatu vyake. Fundi akafuta mikono, akatoka.

Aliporudi, chakula kilishapakuliwa na Kidoti anatafuna. Mchuzi ulikuwa mzito, umepauka. Fundi hakuuacha hivyo.

"Dada, umetia nini humu?"

"Ulikuwa majimaji, nikakusaidia. Kaunga kidogo tu."

"Unga gani?"

Macho ya dada yakaenda kwenye mkoba wake. Pakiti ya unga wa ngano aliyoinunua njiani ilikuwa inachungulia, mdomo wazi.

"Kidoti, tema! Tema, mwanangu!"

Mtoto akatema kiganjani, lakini sahani ilishafika nusu.

Hakukuwa na dawa ya kuutoa unga ule tumboni. Fundi alimpigia daktari, akaambiwa wampe maji kidogo kidogo, na akizidiwa wamkimbize hospitali. Basi wakakaa, wanamtazama mtoto kama maziwa yaliyo jikoni.

"Mbona mzima?" dada alinong'ona.

Fundi akamnywesha mtoto funda jingine la maji.

Alasiri Kidoti akajikunja, akashika tumbo, akatapika mpaka hakubaki kitu. Shangazi mtu ndiye aliyeshika beseni.

"Nilidhani mnazidisha," alisema.

"Najua ulichodhani, dada." Fundi akampokea beseni.

Kulipokucha tumbo lilikuwa limetulia, ingawa uso wa Kidoti ulikuwa bado umesawajika. Fundi alimkuta dada yake uani, jasho linamtiririka, anasugua karai.

"Limetakata hili, au tununue jingine?"

Fundi akapitisha kidole ukingoni. Hasira haikuwa imemtoka. "Sugua tena."

Akasugua tena.

Kidoti akachungulia mlangoni, shuka mabegani. "Shangazi, leo anapika nani?"

"Baba yako, mama. Mimi nitakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Nikisogelea sufuria, nipigieni kelele kama mwizi."

Fundi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka.