Nilivyomshikia Tawi Buibui wa Vugiri

Niliondoka Sindeni kwa sababu moja tu: nisipelekwe kwenye mkonge. Akida alikuwa ameshaanza kuchagua wanaume wa kwenda mashamba ya Wazungu Korogwe, na mahindi yangu yalikuwa yamefika magotini. Nani angepalilia? Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Ndipo akaja Mdachi mmoja na sanduku lake la picha lenye miguu mitatu, akitafuta wachukuzi. Aliahidi kwamba atakayemtumikia vizuri hadi mwisho atapewa cheti cha kumwonyesha akida ili asichukuliwe. Nikabeba vioo vyake vya kupigia picha.

Siku ya pili, jioni, tuliingia Kwaluguru. Bwana hakutaka simba wala tembo. Alitaka buibui na panzi, tena wazima, kwenye majani yao, awapige picha kwa karibu hadi vinyweleo vionekane. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ya wageni ya jumbe imejaa buibui wakubwa, kwa hiyo akatanguliza mtu wa kusema anakuja. Kosa lilikuwa hapo. Ukiwaambia watu wetu mgeni anakuja, wanafagia. Mke wa jumbe alikuwa amefagia dari na kuta, na vichaka vya nyuma vimefyekwa vyote. Bwana akaizunguka nyumba akitafuta walau nzi. Nilipomweleza yule mama kitu alichokuja kutafuta Bwana, alikasirika kweli.

"Mgeni alale na utando wa buibui kichwani, watu watanisemaje?"

Korogwe tuliipita bila kupumzika. Mkonge ulikuwa umejipanga pande zote za njia, nami niliutazama kwa pembeni, kama mtu anayempita mbwa mkali.

Kutoka hapo ni kupanda. Vugiri kulikuwa na ukungu, na ndani ya shamba la maharage la mzee mmoja Mshambaa tukampata buibui mwenye tumbo la njano. Upepo ulikuwa ukitikisa tawi lake. Bwana akaniamuru nilishike na nisipumue, kisha akajifunika kitambaa cheusi. Siafu wakanipanda miguuni. Niliumia sana, lakini niliyafikiria mahindi yangu nikasimama vilevile. Tulipomaliza, mwenye shamba aliniuliza kama Ulaya hakuna buibui.

"Wapo, mzee," nikamwambia. "Wa kuwashikia tawi ndio hawapo."

Kioo kiliposafishwa, buibui alikuwa doa tu, maana yeye hakuamriwa kutulia. Kidole gumba changu kilionekana hadi kucha. Bwana alikitazama kwa muda mrefu, akaandika cheti.

Siku ya tisa nilifika Sindeni, cheti kwenye pindo la shuka. Sijui kusoma, ila njiani nilikitoa mara nyingi nikakitazama, nikafurahi. Akida alikisoma kwa sauti: mtu huyu ana nguvu, hasemi sana, na hata akiumwa na siafu hatikisiki. Akakikunja, akanirudishia kwa heshima.

"Huyu ndiye mtu anayetakiwa kwenye mkonge," akasema.

Mahindi aliyapalilia mke wangu na tumbo lake. Nami nilichojifunza katika safari ile ni hiki: siku ile Vugiri, siafu walipoanza kupanda, ilinipasa kuruka.