Kahawa Haikukimbia

Mfuko ambao mwenye mgahawa wa Glenwood aliniletea ulikuwa mzuri, sikatai. Karatasi nene ya rangi ya udongo, kamba ya katani mdomoni, na katikati uso wangu uliochorwa kwa wino mweusi. Mchoraji alikuwa amenivika kilemba ambacho sijawahi kukifunga, akanipa macho yanayotazama chini kama ya mtu anayepokea sadaka. Chini ya uso kulikuwa na maneno ya Kiingereza: mwanamke huyu alikimbia vita Burundi akapoteza kila kitu, na kila kikombe unachokunywa kinamsaidia kuanza maisha upya.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya duka la viungo, Isipingo, nje kidogo ya Durban, mikono imejaa makapi ya kahawa. Nikamuuliza kahawa yenyewe imetajwa wapi. Akaugeuza mfuko. Upande wa nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno moja: Afrika.

Nilizaliwa kwenye kilima cha kahawa mkoani Ngozi. Kwetu kahawa haikuwa kinywaji, ilikuwa amri. Mibuni ilikuwa yetu wakati wa kuipalilia tu. Kuing'oa lilikuwa kosa, na hata kupanda maharage katikati yake kulikatazwa. Mama yangu alipanda. Mkaguzi wa serikali alipopita akamtoza faini, mama akalipa, na msimu uliofuata akapanda tena, safari hii akaongeza na maboga. Alisema watoto hawali kahawa. Tuliichuma, tukaibeba kichwani hadi kituo cha kuoshea, ikaondoka, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuionja. Vita vilipokuja tulivuka mpaka tukaingia Kigoma, na huko kambini ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachokiandika. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mke wa mtu na mama wa watoto, tukashuka hadi Durban, Afrika Kusini.

Mume wangu alipata kazi ya ulinzi kwenye geti la fleti za Glenwood, karibu na chuo, ambako wanafunzi wanapanga vyumba. Mimi niliuza vitambaa Isipingo. Kahawa niliyoijua wakati huo ilikuwa unga wa kopo uliochanganywa na mzizi uliokaangwa, na niliamini kwamba ndiyo ladha ya kahawa duniani kote.

Kanisani kwetu alikuwapo Mkongo mmoja, wakala wa forodha bandarini. Mwaka 2009 aliniletea mfuko mdogo wa buni, mabaki ya sampuli zilizofunguliwa ghalani. "Mama, hii imeandikwa Burundi," akasema. "Labda wewe unajua ya kuifanyia." Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya majani makavu na maji ya kile kituo cha kuoshea. Nikawasha jiko nikakaanga kwenye kikaango cha chapati. Nusu ya kwanza iliungua, jirani wa juu akashuka kuuliza kama nyumba inawaka. Nusu ya pili nilikaa nayo, nikikoroga bila kuinua mkono, mpaka ikaanza kupasuka na kulia kama bisi. Nikaitwanga, nikaichemsha, nikanywa.

Wengine wangelia. Mimi nilikasirika. Utoto wangu wote nilikuwa nimebeba kitu kile kichwani, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia ni kitamu.

Mwenye duka la viungo, mzee ambaye babu zake waliletwa kutoka India kukata miwa, wote Isipingo walimwita Anko, nami vilevile. Nyuma ya duka lake kulikuwa na pipa la chuma linalozunguka juu ya moto wa gesi, la kukaangia giligilani na pilipili. Nilimwomba nilitumie siku ambazo limelala. Akasema kahawa yangu itaharibu viungo vyake. Nikamjibu kwamba viungo vyake vitatangulia kuharibu kahawa yangu. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani, akanipa asubuhi mbili kwa wiki. Kila asubuhi nilianza kwa kukaanga mchele wa kutupa, uvute harufu ya pilipili, ndipo nitie buni.

Nilianza kuuza karibu na stendi ya teksi, yaani daladala za huku, kando ya mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa akikaanga magwinya, yale maandazi makubwa ya duara. Gwinya bila kahawa linakwama kooni, na kahawa bila gwinya inaacha tumbo linalalamika, kwa hiyo tulielewana haraka. Aliniita *sisi*, yaani dada kwa Kizulu. Masikioni mwangu neno hilo lilibaki Kiswahili, na kila aliponiita nilisikia kwamba tuko wengi.

Buni nilizipata popote zilipopatikana. Za Brazili zilikuwa rahisi na zilitoka kwa muuzaji wa jumla karibu na bandari. Za Ethiopia niliuziwa na Wahabeshi wenye maduka mjini, ambao walinifundisha kukaanga polepole na wakanisema nilipokosea. Za Kivu zilikuja kwa kujuana. Za Burundi zilikuwa za kubahatisha, na zikifika zilikuwa ghali kuliko zote. Madereva wa teksi walitaka kahawa kali yenye sukari nyingi. Nikajifunza kuwachanganyia hivyo bila kuidharau midomo yao.

Mume wangu alikuwa akibeba chupa ya kahawa kwenda nayo getini. Mwanamke mwenye mgahawa alikuwa akiishi kwenye fleti zile, na asubuhi moja harufu ilimsimamisha. Akaonja kwenye kifuniko cha chupa, akauliza inatoka wapi. Baada ya wiki chache alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote, na baada ya miezi akaja na ahadi ya kuchukua kila nitakachokaanga, auze kwenye mifuko hadi Johannesburg. Ndipo akaleta ule mfuko wenye uso.

Nilimwambia sitaki. Akadhani sikupenda mchoro, akasema utarekebishwa, hata kilemba kinaweza kutolewa. Nikaona lazima nimweleze.

"Mimi ndiye niliyekimbia," nikasema. "Kahawa haikukimbia. Ipo pale kilimani, na dada yangu anaichuma mpaka leo."

Alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alinieleza kwa upole kwamba wateja hununua habari ya mtu kabla hawajanunua kahawa, na kwamba bila ule uso hawezi kupandisha bei, na bila bei ile hawezi kuchukua mzigo wote. Nikamwambia basi auache mzigo. Hata hivyo nilimfungia kilo moja aondoke nayo, kwa sababu alikuwa amekuja kwangu, na mtu haondoki kwangu mikono mitupu hata tukikosana.

Mume wangu hakufurahi. "Uso ni wino tu," aliniambia. "Mimi nasimama getini kutwa na hakuna anayeniona. Wewe umepata watu wa kukuona, unawakatalia."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli upande wake. Nilimjibu kwamba watakaoutazama mfuko ule hawatakuwa wananiona mimi, watakuwa wanajiona wao wakitoa msaada. Kwa siku kadhaa tulizungumza habari za chumvi na sabuni tu. Kanisani nako walisema nina kiburi. Mwanamke mmoja wa kikundi chetu cha kuchangiana alisema angeombwa yeye angetoa uso, na meno juu yake. Nilicheka pamoja nao, lakini sikumrudia yule wa Glenwood.

Badala yake nilikwenda bandarini. Nilimwomba yule wakala anichunguzie gunia la kahawa ya Burundi linasafiri vipi mpaka linifikie kwa bei ile. Akauliza kwa wenzake, akaja na jibu. Kahawa inatoka Ngozi kwa lori hadi Dar es Salaam. Pale inapakiwa melini kwenda Ulaya, inalala kwenye ghala la watu, inauzwa, kisha inapakiwa tena kushuka Durban. Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Yeye hakuona ajabu yoyote. Biashara iko hivyo, alisema. Mimi nikaona kahawa ya kwetu inakwenda kwanza Ulaya kuomba ruhusa ya kumtembelea jirani.

Siku hiyohiyo nilimpigia dada yangu. Yeye hakuvuka mpaka pamoja nasi, aliendelea kuishi kilimani, na wakulima wa pale walikuwa wameanza kuuza wenyewe kahawa wanayoiosha. Nilimwomba ampelekee simu mwenyekiti wao. Mwenyekiti alisema amewahi kuzungumza na Wazungu na Wajapani kupitia wakalimani, lakini hajapigiwa na mnunuzi anayesema Kirundi, kwa hiyo nimwie radhi, anahofia mimi ni tapeli. Akauliza mimi ni wa nani. Nikamtajia mama yangu.

"Yule wa maharage?" akauliza.

"Huyohuyo."

Akacheka, kisha akaniuliza nataka magunia mangapi.

Yalikuwa machache, aibu hata kuyataja mbele ya watu wanaonunua kontena zima. Kikundi cha kanisani, walewale walionicheka, walinipa zamu yangu ya mchango kabla haijafika. Wakala akatafuta nafasi kwenye kontena la mfanyabiashara Mtanzania aliyekuwa akipakia Dar. Akanipigia amefurahi: nafasi ipo, na bei ni nzuri. Nilipouliza kontena limebeba nini kingine, akasema dagaa.

Nikakataa.

"Mama, dagaa iko na shida gani?" alilalamika. "Itakaa kwake, kahawa itakaa kwake."

Lakini buni hunyonya harufu kama pamba inyonyavyo maji, na sikuwa nimemkatalia mtu wa Glenwood ili nije kuuza kahawa ya dagaa. Wakala alikasirika, akasema mwenye magunia machache hachagui majirani. Magunia yalikaa Dar miezi, huku nikikaanga za Brazili na kuwadanganya wateja kwa tabasamu kwamba mambo yako karibu. Hatimaye akapata kontena la vitenge.

Yalipofika nilikwenda ghalani na mume wangu. Karani alitazama karatasi, akatutazama, akauliza kampuni iko wapi. Mume wangu ndiye aliyejibu. Alininyooshea kidole, akasema, "Kampuni ni huyu." Tangu hapo hatukuuzungumzia tena ule mfuko nyumbani kwetu. Kwenye kila gunia lilipigwa jina la kilima chetu kwa rangi nyeusi, herufi zimeinama kidogo. Nililisoma kwa sauti, na wapakuzi wakanigeukia.

Mifuko yangu niliitengeneza kwa muhuri wa mpira. Jina la kilima kubwa juu, Burundi chini yake, na mwisho kwamba imekaangwa Isipingo. Anko aliuliza nani Durban ataweza kulitamka jina refu namna ile. Nikamwambia waliojifunza kusema kapuchino watajifunza na hili. Alilijaribu siku nzima akiwa kwenye kaunta, akiwahudumia watu manjano na bizari, akilikosea kila mara kwa namna mpya.

Mwenye mgahawa alirudi, kwa maana habari zinatembea. Alionja, akaomba walau aandike maneno machache juu yangu kwenye ubao wa mgahawa wake. Nikamwambia aandike habari za kilima: kiko juu kiasi gani, wanaosha kwa maji ya mto gani, wanachuma mwezi gani. Aliandika. Hakuchukua mzigo wote kama alivyoahidi zamani, bali alichukua sehemu, na akalipa bei niliyoitaja mimi.

Mwaka 2015, kabla ya baridi kuanza, maneno yalitapakaa kwamba wageni tuondoke. Isipingo watu walipigwa, maduka yakavunjwa, wengi wakaishia kulala kwenye mahema uwanjani. Sisi tulihifadhiwa na watu wa kanisa, Glenwood. Anko alihamisha magunia yangu usiku hadi nyumbani kwake, akayapanga chumbani pamoja na masanduku ya marehemu mkewe. Yule mama wa magwinya alinipigia kila asubuhi kuniambia nisije. Watu waliniuliza kwa nini nisirudi kwetu, na siku hizohizo kwetu nako watu walikuwa wakivuka mpaka na magodoro vichwani. Dada yangu aliniuliza kwenye simu kama Durban kuna nafasi.

Mimi nilijua tu kwamba nilikwisha kimbia mara moja, na miguu ya mara ya pili sikuwa nayo.

Nilirudi kabla hatujaambiwa kuwa ni salama. Nilikaanga mchele, nikautupa, nikatia buni, na nikaacha mlango wa nyuma wazi ili moshi utoke mpaka stendi, kila mtu ajue niko. Mmoja wa wasimamizi wa foleni za teksi alikuja na kikombe chake. Siku zile za fujo hakunipiga wala hakunitetea. Alikuwa ametazama pembeni. Alisimama mbele yangu akakinyoosha. Nilimmiminia kikombe kamili, nikapokea pesa yake, na nikamrudishia chenji yake yote mkononi.

Upande wa pili wa barabara kinyozi Mkongo alikuwa anapandisha shata, ule mlango wa chuma wa kukunja, la duka lake kwa mara ya kwanza tangu vurugu. Lilikuwa limepinda, likakwama katikati, akapita chini yake akiwa ameinama. Alipotokeza kichwa akanipigia kelele kuvuka magari:

"Mama, kahawa iko?"

"Iko," nikamjibu, nikaongeza moto.