Aliyeniuzia Pumzi Tupu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zote hizi, damu inanichemka kama ya msichana. Watu huniambia, bibi, samehe usahau. Kusamehe nimesamehe. Kusahau sitaki, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kukukuta wewe.

Nilizaliwa Old Moshi, katika kihamba cha baba yangu, kati ya migomba na kahawa, na pumu nilikuwa nayo tangu utotoni. Jikoni kwetu moshi wa kuni haukujua njia ya kutokea, na asubuhi baridi ya mlimani ilinikuta kifuani. Mama alinikanda mafuta, bibi yangu akaninywesha mizizi. Walinipenda, siwalaumu. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna aliyejua ilivyo kuvuta hewa kama mtu anayevuta uji mzito kwa mrija mwembamba.

Nilipokua, serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria na mitumba inaingia kwa marobota. Nikaanza kuuza nguo sokoni Kiboriloni. Kazi ilinilisha, ila robota likikatwa kamba, vumbi lake lilinikaba. Daktari akaniandikia pampu ya pumu, ile mnayoiita inhela. Kwenye dirisha la dawa wakaniambia, "Imeisha, kanunue nje."

Nje wapi? Sokoni palepale alikuwepo kijana mmoja aliyepanga mezani betri, nyembe, mafuta ya nywele, na dawa. Inhela alikuwa nazo, kwa nusu ya bei ya duka. Nikanunua na kumshukuru. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Yangu nusura ivunje uhai.

Siku chache baadaye tulifungua robota la makoti. Kifua kikafunga. Nikaitoa inhela, nikabonyeza. Ikalia tss. Nikabonyeza tena. Tss. Ubaridi tu kwenye ulimi, na kifua kinazidi kubana. Nilikaa chini juu ya makoti ya watu, nikiwaona wenzangu midomo inawacheza na sauti zao sizisikii.

Aliyeniokoa ni Mama Ndeshi, muuza ndizi wa meza ya jirani, mtu mzima kuliko mama yangu. Alisimama mbele ya pikapu iliyokuja kushusha mahindi, akamwambia dereva, "Mahindi yatangoja, huyu hangoji." Akanipakia mwenyewe, akanishika mgongo mpaka hospitali.

Walinichoma sindano, wakanivisha kinyago cha mvuke, na pumzi ikarudi kidogo kidogo. Daktari, mama mmoja mtaratibu, aliichukua inhela yangu akabandua karatasi yake kwa ukucha. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, imechakaa, tarehe imepita zamani.

"Hii iliisha kwa mtu mwingine," alisema. "Dawa haimo, imebaki gesi ya kusukumia. Wameiokota, wameifuta, wamekuuzia."

Mwanangu, mtu aliinama jalalani, akaokota kopo tupu, akalipamba, akijua fika kwamba atakayelinunua ni mtu anayekosa pumzi. Mwizi wa kuku anaiba kuku. Huyu niite nani?

Daktari akanitafutia inhela ya kweli na kunifundisha kuitumia: tikisa, toa pumzi, kaza midomo, bonyeza huku unavuta polepole, kisha zuia pumzi kidogo. Miaka yote hakuna aliyewahi kunionyesha! Akanipa na nyingine ya kahawia, ya kila siku hata nikijisikia mzima, nisukutue mdomo kila nikimaliza. Majuma yakapita. Jumapili moja nikapanda kilima kutoka kanisani hadi nyumbani bila kusimama, na nilipofika nilikaa kizingitini nikalia. Kumbe watu wengine hupumua hivi siku zote!

Mama Ndeshi alikuja kunijulia hali na bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Akauliza nitafanya nini juu ya yule kijana, maana amehamia soko la Bomang'ombe.

"Namwachia Mungu, mama," nikasema.

Akaliweka bakuli chini. "Unamwachia Mungu kazi aliyokupa mdomo uifanye? Akimuua mtoto wa mwenzako, Mungu atatuuliza mimi na wewe. Vaa viatu."

Tulimkuta Bomang'ombe, meza ileile, inhela zimepangwa mstari. Alipotuona akatabasamu. "Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo," Mama Ndeshi akamjibu. "Huyu binti ulimuuzia nini?"

"Mama, siku hizi ni biashara huria. Mimi nauza, mteja anachagua."

Mama Ndeshi alinyoosha mkono uliobeba mikungu ya ndizi maisha yake yote, akambana pua, na kwa mkono wa pili akamziba mdomo. Kijana akapapatika, betri zikamwagika, watu wakajaa. Alipomwachia alikuwa anahema kama mbwa.

"Umeonja?" akamwuliza. "Mimi nimekuachia. Pumu haiachii. Sasa waambie hawa kilichomo ndani ya makopo yako."

Akainama kuokota betri zake. Nikasema mimi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikazibandua karatasi mbele ya watu, moja baada ya nyingine, na chini ya kila mpya palikuwa na kuukuu. Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akatoa inhela ya mwanawe mfukoni, akaibandua, akamshusha mtoto na kumkumbatia.

Polisi walimchukua. Alikaa ndani muda mfupi akatoka, na waliokuwa wakimletea makopo hawakuguswa hata kidogo. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini sokoni kwetu na Bomang'ombe hakuthubutu kurudi, na yule mama wa mtoto tulimpeleka kwa daktari wangu. Mtoto yule leo ni mtu mzima, anapandisha wageni mlimani.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe mwenye pumu kama mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua: usiifiche inhela kwa kuwaonea watu haya, wala usimsikilize anayekwambia ni dawa ya mtu wa kufa. Mimi ningekuwa nimekufa kwa kukosa ya kweli. Nunua kwenye duka la dawa linalojulikana, soma tarehe, omba ufundishwe mpaka uelewe. Ya kila siku usiiache kwa sababu umepata nafuu. Na ukiona mtu anauza kifo kwa jina la biashara, usiseme namwachia Mungu ukaenda zako. Upole ni mzuri, lakini upo upole unaozika watoto wa watu.

Mungu akupanulie kifua chako, mwanangu. Uvute hewa ya mlima huu mpaka uzeeke, na sauti yako isikike pale wengine wanaponyamaza.