Mama Bomba na vita vya gesi isiyoonekana

Saa tatu asubuhi, Mama Bomba amepiga magoti katika chumba cha chini cha nyumba ya mshonaji mstaafu. Drili inanguruma, vumbi la saruji limezipaka nyusi zake rangi nyeupe. Mara inazama.

"Imetoboka!" anapiga kelele, utadhani amefunga bao.

Mshonaji amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanangu, unanitobolea sakafu kwa ajili ya kitu ambacho hata harufu hakina?"

"Ndio ubaya wake, bibi. Kingenuka, ungeshakifukuza mwenyewe na ufagio."

Kitu chenyewe ni radoni, gesi inayotoka kwenye mawe na udongo, ikapenya nyufa za sakafu na kujaa ndani ya nyumba. Ukiivuta miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya mapafu. Kipimo kilichokaa chumbani humu miezi mitatu kilisoma bekereli 640 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mama Bomba hapendi kivuke 100, kiwango wanachoshauri wataalamu wa afya. Na humu ndimo wanamolala wajukuu wawili wa mshonaji.

Mama Bomba, mwenye miaka 46, alifunga mabomba ya maji kwa miaka kumi na tisa. Kisha dada yake mkubwa akafa kwa saratani ya mapafu.

"Dada hakuwahi kushika sigara hata kwa mzaha," anasema. "Lakini msibani watu walinong'ona eti alikuwa anavuta kwa siri. Yale maneno yalinichoma."

Mwaka uliofuata alisikia habari za radoni kwenye semina ya mafundi. Akaazima kipimo, akakiweka kwenye nyumba ya marehemu. Kikasoma 910.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua. Ila siku ile nilijua kazi yangu imebadilika."

Kazi hiyo ni kuitega gesi kabla haijaingia ndani. Anachimba shimo dogo chini ya sakafu, anasimamisha bomba la plastiki hadi juu ya paa, na feni inaifyonza gesi usiku na mchana kuitupa nje.

Leo feni inawashwa, lakini mambo hayaendi. Anasogeza kijiti cha ubani kinachofuka kwenye ufa wa pembe ya mbali, aone kama moshi utavutwa chini. Moshi unapanda wima, haujali.

"Udongo umeshikana. Mvuto haufiki huku."

"Basi tumekwama?" mshonaji anauliza, sauti imempungua.

"Tukwame na nani, bibi? Nipishe nipite!"

Anatoboa shimo la pili karibu na ukuta huo. Chini anakuta kokoto zilizolegea, zinazopitisha hewa, anacheka peke yake. Saa nane feni inawashwa tena. Moshi unayumba, unainama, kisha unazama ndani ya ufa.

"Umeingia! Umeingia wote!" Mshonaji anamkumbatia fundi pamoja na vumbi na jasho lake. Kinachobaki ni kuziba nyufa.

Siku tatu baadaye simu ya Mama Bomba inaita. Kipimo cha muda mfupi alichokiacha chumbani kinasoma 62.

"Wajukuu zangu wameniuliza kwa nini nalia huku nacheka," mshonaji anasema.

Sasa Mama Bomba anawafundisha kazi hiyo mafundi bomba wanne aliofanya nao kazi zamani. Jumatatu wote watano wanaanza kupima madarasa kumi na manne ya shule ya msingi ya jirani. Mwalimu mkuu, aliyemzungusha miezi minane bila kumpa ruhusa, jana alimkabidhi funguo.

"Zote!" anasema, akizitikisa kwa nguvu. "Hata wa ofisi yake mwenyewe!"